Kiwanja Kisichobeba Orofa

Mkinikuta Mji wa Kale nimesimama katikati ya uchochoro nagonga chini kwa bakora, msinicheke, wala msikimbilie kunishika mkono mkidhani babu wa watu amepotewa na njia. Nasikiliza. Kazi niliiacha kwa kustaafu lakini masikio hayakustaafu. Hata msikitini nikivua viatu, kisigino changu hutaka kujua pale chini pana jiwe au pana mchanga. Mke wangu husema niliioa ardhi kabla yake, na mimi simbishii.

Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii ya kupima ardhi kabla ya nyumba kujengwa, mmeniomba nizungumze nanyi. Haya, kaeni vizuri. Msitarajie nianze mwanzo niishie mwisho, maana nikianza kupanga husahau yenye maana.

Kwanza uondoeni kichwani uongo mmoja. Kila mtu hapa hukwambia Mombasa ni jiwe tupu: chimba shibiri mbili, gonga jiwe, weka nyumba, lala. Wallahi maneno hayo yamebomoa kuta nyingi kuliko mvua ya masika. Jiwe la kisiwa hiki ni matumbawe yaliyokufa zamani, na ndani yake mna mapango, mna mifuko ya mchanga, mna mahali ambapo juu ni pagumu hata mtaimbo unadunda na chini ni hewa tupu. Lile jiwe unalokutana nalo kwanza lichukulie kuwa ni mfuniko. Usijenge juu ya mfuniko kabla hujajua chungu kina nini.

Aliyenifunza hayo ni Mutua, Mkamba wa Machakos, aliyekuja pwani kufanya kazi ya reli kisha akahamia kwetu kwenye udongo. Alikuwa mtu mnene, mpole, mzee wa kwaya kanisani kwao, na alikuwa na desturi moja ya ajabu. Akifika kwenye kiwanja alilala kifudifudi, sikio chini, kisha mmoja wetu akatembea akiangusha mtaimbo hatua kwa hatua. Palipo na jiwe zima sauti hurudi kali na fupi. Palipo na shimo sauti huzama, ikafanya mvumo kama mtu anayeguna akiwa amefunga mdomo.

Siku moja tuko Mbaraki, Mutua amelala vivyo hivyo kwenye vumbi, akapita mama mmoja anatoka kuuza mahamri. Kumwona yule mtu mzima chini hatikisiki, akatua bakuli lake, akammwagia maji usoni, akaanza kumsomea Yasini. Sisi tumekaza midomo, hakuna anayethubutu kucheka. Mutua hakuinuka. Alimwacha mama wa watu amalize kisomo chake chote, ndipo akakaa, akajifuta uso, akamshukuru kwa heshima na akamwambia sasa anasikia vizuri zaidi. Mama akamtukana kidogo, akampa na mahamri.

Hapo hapo Mbaraki ndipo aliponionyesha habari ya maji. Tulichimba asubuhi, shimo likawa kavu kabisa, na mwenye kazi yu mbioni anataka tumwambie kiwanja ni kikavu aondoke zake. Mutua akakaa ukingoni, akafungua chakula chake, akawa anakula polepole. Ikafika mchana, maji yakaanza kupanda mle shimoni bila kelele, safi, ya chumvi. Bahari haiko kule tu mnakoiona. Inaingia na kutoka chini yenu kwenye matundu ya jiwe, inajaa na kupwa kama kule nje. Kwa hivyo ukitaka kujua ukweli wa kiwanja kilicho karibu na maji, usikichimbe wakati wa maji mafu ukafurahi. Ngoja bamvua, bahari inapojaa kupita siku zote. Bamvua ndiyo itakayokwambia msingi wako utalala kavu au utaoga.

Kizingo ni habari nyingine. Kule mna mchanga mwingi mahali mahali, na mchanga si adui ukiushindilia vizuri na ukauzuia usitoroke. Taabu ya Kizingo ni wenye nyumba. Mtu hatoki garini. Anateremsha kioo, anauliza, mzee, mambo sawa? Huku injini inanguruma na mimi sisikii chini. Nilikuwa nawaomba wazime gari kwa adabu, na wao wakidhani nataka kuwasalimia.

Na Kibarani, enzi zile bado ni jaa, tulichimba tukatoa chupa, matambara, kanda za redio zilizovurugika, na kandambili moja ambayo Mutua aliijaribu mguuni mwake, ikamtosha. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini sikizeni: palipofukiwa taka, hata pafunikwe udongo mwekundu na nyasi zikaota zikapendeza, huendelea kushuka miaka na miaka. Taka zinaoza, ardhi inalegea, na nyumba inakaa upande kama mtu aliyechoka.

Sasa mna mashine, na mimi sizidharau. Zamani tulivuta uzito kwa kamba, watu wazima tunaimba, unainuka, unaangushwa, tunahesabu mapigo tujue ardhi ni ngumu kiasi gani. Sikio hukwambia tu kwamba pana shimo. Mashine hukwambia shimo lina ukubwa gani, na hilo Mutua mwenyewe angelipenda kulijua. Lakini bado shika udongo kwa mkono. Utie maji kidogo, uusokote viganjani kama unasokota tambi. Ukikatika upesi, ni mchanga. Ukikubali kuwa uzi mwembamba, ule ni mfinyanzi, nao huvimba masika na kusinyaa kaskazi, na kila ukivimba na kusinyaa unaichezesha nyumba. Tazama pia kuta za majirani. Ufa unaopanda kama ngazi unasema upande mmoja unazama. Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nawaambia kabla hujauziba, usome.

Kisha kuna watu. Jambo hili hamtafundishwa chuoni. Kibokoni tulipimishwa nyumba ya bwana mmoja mstaarabu sana, tukamuuliza kama pana kisima cha zamani, akasema hapana, tukamuuliza kama pana shimo lolote, akasema hapana. Tukaanza kutoboa ukumbini. Wakwe zake wamekuja kututazama tangu mwanzo, wamekaa na buibui zao kwa heshima, mara chombo kikazama chote na ikatoka harufu ambayo sitaieleza. Lilikuwa shimo la choo cha babu zake, limefunikwa na kusahauliwa. Hakusahau, masikini. Aliona haya kutaja choo mbele ya wakwe. Tangu siku hiyo maswali ya namna ile nikawa namwuliza mtu faraghani, mimi na yeye, tumepeana mgongo ikibidi.

Lakini mimi nilitaka kuwaambia habari ya kiwanja chetu cha Kuze, na naona nazungukazunguka kwa sababu inaniuma.

Nina dada mmoja, Maimuna, mdogo wangu, na katika tumbo la mama yetu tumebaki sisi wawili. Aliolewa angali msichana akapelekwa Maskati, akazaa huko, akalea huko, na mumewe akafia huko. Watoto wake ni wema, wakwe zake wema, hana la kulalamika. Lakini kila akinipigia simu huuliza mambo ambayo mtu aliyetulia haulizi. Kwa Bi Zuhura bado wanapika mkate wa sinia? Ule uchochoro wa nyuma bado una paka? Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na yeye alikuwa anatafuta ngama yake.

Nyumba ya wazee wetu ilikuwa pale Kuze, ya mawe na boriti, ina orofa moja. Mama alipofariki ikabaki na wapangaji, kisha ikabaki tupu, boriti zikaliwa na mchwa, na masika moja ukuta wa mbele ukaanguka. Ikabidi tubomoe iliyosalia kabla haijamwua mpita njia. Kikabaki kiwanja, kidogo, kimebanwa na nyumba za watu pande zote.

Maimuna akaniambia, "Kaka, nijengee orofa. Chini ukae wewe na wifi, juu nikae mimi, wajukuu wakija wapate pa kulala. Nijengee nije."

Nikamwambia aje basi akae nasi Majengo tulikopanga, orofa itakuja kwa wakati wake. Akakataa. Alisema hatoki nyumba ya watu kuingia nyumba ya watu. Na pale Kuze hakuna pa kutanuka ila kwenda juu, kwa hivyo ilikuwa ni orofa au hakuna kurudi. Wanawe walikuwa wameshakubali kumwachia kwa sharti hilo: wamwone mama yao amekaa mahali penye nafasi.

Nikaenda na mtaimbo wangu, nina furaha kama bwana harusi. Wallahi kupima hata sikukuhesabu kuwa kupima. Mtu hapimi nyumba ya mamake. Nilikuwa nakwenda kutazama tu msingi uanzie wapi. Upande wa ndani, palipokuwa na jikoni, mtaimbo ukajibu vizuri, mkali na mfupi. Nikasogea upande wa uchochoro. Sauti ikazama. Nikasogea tena, ikazama zaidi. Nikalala kifudifudi, mzee mzima na kanzu yangu, nikamwomba kinyozi wa pale jirani aangushe mtaimbo, nikasikia ule mvumo niliousikia kwenye viwanja vya watu maisha yangu yote. Sikuinuka upesi.

Nikaomba vijana wa ofisi yetu ya zamani wanisaidie. Akaja binti mmoja injinia, mwenye adabu, na mashine ndogo isiyotikisa. Alinisikiliza kwanza, kisha akatoboa. Chombo kikapita jiwe jembamba kikaanguka penye utupu. Tukajaribu hapa na pale. Nusu ya kiwanja ilikuwa imesimama juu ya pango, na pango lenyewe liliendelea chini ya ukuta tunaochangia na Bi Zuhura.

Bi Zuhura ni jirani yetu tangu nizaliwe, sasa mzee sana, anaishi peke yake na mjukuu. Alikuwa mlangoni na leso yake anatutazama. Akaniita niingie kwake. "Ndoo unwe kahawa, mwanangu." Nikaingia, nikaketi, akanimiminia. Ndipo akaniambia, kwa upole, kwamba babu yetu alipojenga nyumba ile mawe aliyachimba pale pale chini, akachoma na chokaa yake pale pale, kisha akafukia kwa vifusi na mtanga. Yeye alielezwa na mamake. Vifusi vile, nadhani, maji yalikuwa yakivichukua kidogo kidogo kila mwaka, na nyumba ilipokosa paa mvua ikamalizia.

Nikamuuliza mbona hakutuambia siku zote hizo.

"Nyumba ya jirani haisemwi ila kwa kheri," akasema. "Ningesema, kisha mtoto wenu akashikwa na homa, mungesema ni jicho langu."

Sikuweza kumkasirikia. Sisi watu wa mji huu ndivyo tulivyo. Nyumba ya mwenzako ikisimama huitii dosari, husuda inaogopwa kuliko ufa. Kwa hivyo shikeni adabu hii ya kuuliza. Usimwulize jirani kama ardhi hii ni mbaya, atakwambia ni nzuri mashaallah. Mwulize, kabla ya nyumba hii kujengwa hapa palikuwa na nini, watoto walicheza mchezo gani, maji ya mvua yalituama wapi. Hapo hasemi vibaya nyumba ya mtu, anasema habari za zamani, na za zamani atakupa zote mpaka kahawa iishe. Mimi nilijua hayo, nikawafunza wengine, na kwa Bi Zuhura sikuuliza kwa sababu ilikuwa kwetu.

Binti injinia akanieleza wazi. Pango linaweza kujazwa zege, lakini kulijaza sawasawa kunataka kutoboa na kushindilia mpaka chini ya nyumba ya Bi Zuhura, na ukuta ule wa zamani hautastahimili. Penye jiwe zima, upande wa jikoni, pangebeba chumba kimoja chepesi cha paa la mabati. Orofa, hapana. Alisema anasikitika, na uso wake ulisikitika kweli.

Sasa nitawaambia jambo ambalo wenye kazi hii hawalisemi. Nilitaka kusema uongo. Nilitaka sana. Binti yule alikuja kwa hisani tu, fundi angenisikiliza mimi, Maimuna angeniamini mimi. Na orofa huenda ingesimama. Ile ya kwanza si ilisimama? Huenda ingesimama mpaka mimi na yeye tukafa, na katikati hapo ningeamka kila siku nisikie dada yangu anashuka ngazi anamgombeza mtu kwa chai isiyokolea. Sijui kama mnajua kumkosa mtu kwa namna hiyo. Mimi nimemkosa Maimuna tangu siku alipopanda ndege na mkoba mwekundu wa kuazima, na sijazoea hata leo.

Nilitembea kutwa. Kila nikijenga ile nyumba kichwani nawaona wajukuu wake wamelala juu ya ule utupu, na upande wa pili wa ukuta namwona Bi Zuhura na kikombe chake. Nikampigia simu.

"Maimuna, kiwanja hakibebi orofa."

"Hakibebi, au huna hakika?"

"Hakibebi. Nina hakika."

"Nyumba ya baba ilikuwa na orofa."

"Na imeanguka, mama."

Nikamweleza habari ya pango, ya babu, ya ukuta wa Bi Zuhura. Nikamweleza chumba kimoja cha upande wa jikoni, nikakisifu chumba kile kama dalali. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema wanawe watamleta, wataona hapana pa kulala watoto, na watarudi naye. Anawajua. Akasema kwa sauti ndogo ya kitoto ambayo sikuwa nimeisikia miaka mingi:

"Kaka, ungenidanganya ningekuja."

"Najua."

"Nishaanza kugawa vyombo vyangu."

Simu ikakatika, sijui aliikata au ilijikata. Akakaa muda mrefu hakupiga. Na mimi nilipompigia alijibu mwanawe, akasema mama amelala, mchana kweupe. Nikayafukia matundu tuliyoyatoboa kiwanjani kwa mikono yangu, sikutaka mtu anisaidie.

Nyumba ikisimama, watu huja na biriani wakamshukuru fundi. Wewe uliyemzuia mtu asijenge, hakuna atakayekuletea hata kikombe cha maji, na pengine atakuwa ni mtu wako wa damu. Fanyeni kazi hivyo hivyo. Sina maneno matamu ya kuwapa juu ya hilo.

Ijumaa moja, kabla ya alasiri, nilikuwa nimepita Kuze kama kawaida yangu. Simu ikalia, ile ya kuonana. Maimuna, amejifunga ushungi, amezeeka kuliko nilivyomweka kichwani. Hakunisalimu kwa urefu. Akauliza niko wapi, nikamwambia niko kiwanjani.

"Ingia ndani," akasema.

Nikaigeuza simu aone mchanga na magugu, ajue hapana ndani. Akasema anaona. Akaniambia nipite ukumbini, nikapita. Nikate kushoto, nikakata kushoto. Hapo simama, akasema, hapo ni chumba cha baba, gonga kwanza. Nikagonga hewani, na kinyozi akanitazama. Akanizungusha nyumba nzima. Nilipokaribia upande wa jikoni akanizuia nisikanyage, mama anapepeta mchele, nizunguke. Nikazunguka. Maimuna alikuwa analia na anacheka, na mimi sikuwa na nafuu.

"Juu siwezi kukupeleka," nikamwambia.

"Najua. Niweke pale ngazini tu."

Nikakaa chini pale palipokuwa na ngazi, simu magotini, tukakaa. Aliniuliza kama chai ya wifi bado haina sukari, nikamwambia bado. Halafu mtu akamwita huko kwao, akajifuta macho kwa ushungi.

"Haya kaka, nenda," akasema. "Ukitoka, rudisha mlango."

Nikatia simu mfukoni, nikatoka hadi palipokuwa na kizingiti, nikageuka, nikanyosha mkono, nikaurudisha mlango polepole mpaka ukafunga.